Mlango wa Kushoto

Wabera, Isiolo
11 Machi 1981

Basi sasa nikuambie kilichokuwa ndani ya lile kasha la chini ya kitanda, maana barua iliyopita karatasi iliniishia palepale nilipoinama kulivuta. Lakini ngoja kwanza, abboowe Shuriye. Hooyo akijua nimekuandikia kaka yangu mkubwa bila salamu, atasema ndoa imemtoa bintiye adabu. Asalaam aleikum. Hooyo ni mzima, mguu wake umepoa, na yule mbuzi mwenye sikio moja amezaa pacha. Mvua bado. Vumbi linaingia mpaka ndani ya sukari. Na mimi ni mzima kuliko watu wote wa Isiolo, na nikikutajia sababu utasema nimeanza tena.

Sababu ni Hirsi.

Wiki saba sasa tangu tuoane, na bado nikisikia viatu vyake uani nasahau nilichokuwa nikipika. Kile kioo cha kukuza anachokibana jichoni akitengeneza saa za watu humwachia duara jekundu kuzunguka jicho, naye hurudi nyumbani nalo kama mtu aliyepigwa muhuri. Nimemwambia asilifute, ni muhuri wangu.

Sasa kasha. Nililivuta nikijua nitakuta barua za msichana mwingine. Nikafungua. Vigari! Vigari vidogo vya chuma, virefu kama kidole, arobaini na kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha gazeti. Nilikuwa bado nimekaa sakafuni nimevipanga kwenye mkeka alipoingia kula chakula cha mchana. Akasimama mlangoni.

"Umeviona," akasema, kama mtu aliyefumaniwa na mke wa pili.

"Ni vya nani?"

"Ni vyangu. Nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Tukishapata wajukuu?"

Basi akakaa chini akanieleza, chakula kikapoa, na sijawahi kumwona mwanamume mzuri vile. Huvinunua kwa Kabale anayeuza nguo kuukuu kule Bulla Pesa. Hutoka chini ya mafurushi, vimebonyea, havina magurudumu. Kwa zile zana zake za saa hutoboa ribiti mbili za chini, tumbo la gari likaachana na mgongo. Mgongo hulala siku nzima ndani ya mafuta ya breki mpaka rangi ya zamani ijikunje na kutoka kama ngozi ya maziwa. Kisha hupaka mpya, kwa brashi yenye nywele chache kuliko ndevu zake. Na havirudishi vilivyokuwa Ulaya. Anavifanya vya hapa. Nilikiona kile kilichokuwa gari la maziwa la Mzungu, sasa ni gari la maji la mji wetu, na bomba lake linalovuja! Niliona ambulansi ya hospitali na taa yake moja iliyovunjika. Nilivitambua vyote, abboowe, nikapiga makofi kama mwendawazimu.

Sasa hili ndilo jambo. Hirsi ana Bedford ndogo, haijaguswa. Anataka kuifanya lori la Aabo, lile alilotulisha nalo baba yetu, akuletee wewe. Alisema hivi: "Nimeoa dada yake na hatujapeana mkono. Angalau nimpelekee kitu nilichokishika." Unaona ni mtu gani?

Lakini anataka kila kitu kiwe sawa, na mimi miaka ile nilikuwa bwenini Meru, sikumbuki vizuri. Kwa hivyo tujibu: mbao za ubavuni zilikuwa ngapi? Kioo cha upande wa dereva kilikuwa cha duara au cha pembe? Maneno TUTAFIKA juu ya kichwa yalikuwa meupe au ya manjano? Na mlango wa kushoto, upande aliokaa Aabo, ulikuwa na alama gani? Hirsi anasema kulikuwa na kitu pale.

Harusini hukuja. Sikulaumu, ile saa ya ukutani uliyotutumia Hirsi ameifungua na kuifunga mara nne kwa furaha. Lakini ni miaka mitatu sasa, tangu tulipomzika Aabo. Hooyo haulizi tena utakuja lini. Zamani alikuwa akiuliza. Njoo, abboowe.

Ni mimi, dada yako mwenye furaha isiyo na haya,
Amino


Nakuru
29 Machi 1981

Abaayo Amino,

Aleikum salaam. Nimefurahi mguu wa Hooyo umepoa. Hapa stoo ya vipuri kazi ni ile ile, kuhesabu fan belt na kugombana na makanika wanaodai bolti waliyopewa jana. Baridi ya asubuhi inauma. Mimi mzima.

Kwa hiyo nimempa dada yangu mtu wa miaka thelathini na mbili anayecheza na magari ya watoto. Mwambie shemeji akichoka na hayo aje, nina magurudumu ya kweli hapa, na yanahitaji kubebwa. Hapana, usimwambie. Msalimie sana. Mtu anayesahau chakula kwa ajili ya kazi ya mikono si mtu mbaya.

Majibu: mbao zilikuwa kumi na moja kila upande, ya tatu kutoka mbele ilikuwa mpya, kwa hivyo nyeupe kidogo. Kioo kilikuwa cha duara, cha pikipiki, kile cha pembe kilivunjwa na tawi la mgunga kabla wewe hujaenda shule. TUTAFIKA ilikuwa ya manjano, na herufi ya F ilikuwa imeegemea nyuma kwa sababu aliyeandika alikuwa amesimama kwenye pipa. Chini ya bampa ya nyuma kulikuwa na mkebe wa maji uliofungwa kwa waya.

Likizo sijui. Mwenye duka amesafiri. Mpe Hooyo salamu, na hizo soksi za sufu ni zake.

Shuriye


Wabera, Isiolo
20 Aprili 1981

Kaka yangu mpenzi,

Asalaam aleikum kutoka mji wa matope. Mvua imekuja yote kwa siku moja, choo cha jirani kimeanguka (hakuna aliyekuwemo, alhamdulillahi), na soksi zako Hooyo amezivaa hata juani. Nilipomkabidhi alizinusa kwanza. Kisha akanituma chumvi wakati chumvi ilikuwepo.

Barua yako Hirsi ameisoma mara nyingi mpaka imekatika mikunjoni. "Ya tatu kutoka mbele ni mpya!" alisema, macho yanang'aa, kama mtu aliyepewa siri ya serikali. Ametengeneza mbao kwa njiti za viberiti, zote ishirini na mbili, na ile ya tatu ya kila upande ameiacha bila kuichovya kwenye majani ya chai ili iwe nyeupe. Mkebe wa maji ameukata kwenye kifuniko cha dawa ya meno. Na herufi ya F, abboowe! Alipanda juu ya ndoo ili aandike akiwa ameinama vile vile. Nilicheka nikaangusha sufuria. Akasema, "Usicheke, mkono hujua kama miguu imesimama vibaya." Niambie mimi nimefanya mema gani nikapewa mtu huyu.

Sasa ameanza vumbi. Anasema lori la Marsabit lisilo na vumbi ni uongo. Alimwomba Lomuria, yule aliyekuwa utingo wenu, amletee mchanga mwekundu wa kule juu mbele ya Archer's Post, akauchekecha kwa ncha ya shashi, ule mtandio wangu wa harusi, mara tatu, mpaka ukawa laini kama poda. Sasa anaupuliza kidogo kidogo juu ya vanishi kabla haijakauka. Wiki nzima kwa upande mmoja. Shashi yangu haitakuwa nyeupe tena na sijali hata kidogo.

La mlango wa kushoto hukunijibu. Nadhani ulisahau, kwa hivyo nilimuuliza Lomuria alipoleta mchanga. Unamjua alivyo, hawezi kunyamaza. Alikuwa ananitania kwamba nimenenepa, kwamba mume wangu alioa saa ya mkono, sasa ana ya ukutani. Nikamwambia, "Lomuria, kwenye mlango wa Aabo kulikuwa na nini?"

Akaacha kucheka. Akafunga mfuko wake.

"Mimi nilikuwa juu ya mzigo," akasema. "Muulize aliyekuwa akiendesha."

"Nimemuuliza."

"Muulize tena."

Basi nakuuliza tena.

Hirsi anakusalimu na anauliza kama magurudumu ya nyuma yalikuwa mawili mawili. Mimi ninauliza kama unakula vizuri.

Amino wako


Nakuru
2 Julai 1981

Amino,

Aleikum salaam. Barua yako imekaa mfukoni mwa koti miezi miwili. Samahani. Kwanza kulikuwa na hesabu ya stoo, halafu nilikuwa na homa, halafu sijui.

Kesho huenda tukaanza kufunga. Mwambie Hooyo asifunge kama mguu umerudi kuuma, Mungu anamjua. Magurudumu ya nyuma yalikuwa mawili mawili. Nimeweka ndani ya bahasha hii vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vyembamba, shemeji anaweza kuvikata vikawa tairi.

Ramadhani njema kwenu nyote.

Shuriye


Wabera, Isiolo
5 Agosti 1981

Abboowe mpenzi,

Asalaam aleikum, na Idd mubarak, ingawa imepita siku tatu. Tulimchinja beberu, Hooyo alivaa ile nguo ya zambarau, watu walikuja mpaka mkeka ukatuishia. Kulikuwa na kila kitu isipokuwa wewe. Mpira wako wa baiskeli umekuwa tairi sita nzuri mno. Na sasa nitakuandikia jambo la aibu, nawe ulisome ukiwa umekaa.

Kabla ya Idd unajua tunavyosafisha. Niliosha kuta, nikaosha mapazia, nikaosha hata ule mlango wa banda. Alhamisi Hirsi alikuwa kibandani kwake, watu wote wanataka saa zao kabla ya sikukuu, na mimi moyo ukanijaa mapenzi nikajiuliza nimfanyie nini ambacho hakutarajia. Nikavuta kasha. Nikavitoa vigari vyote. Nikavisugua. Kwa sabuni, abboowe, kwa mswaki, kwa maji ya moto, kimoja baada ya kingine, nikiimba.

Na lori la Aabo nikalisugua zaidi, kwa sababu ndilo lililokuwa chafu zaidi.

Halikubaki hata chembe ya vumbi. Liling'aa kama sufuria ya arusi. Nilipolikausha nikaona mlango wa kushoto una kidonda, rangi imebanduka karibu na dirisha, chuma cheupe kinaonekana, kidogo kama kichwa cha pini. Nikasema maskini, kimegongwa kwenye kasha. Nikachukua rangi yake ya bluu na ile brashi, nikaziba. Nikajisifu kwa mkono wangu ulivyotulia.

Jumamosi asubuhi Sharamo akapita, anapeleka mbuzi Nakuru, ana haraka, lori linamngoja. Hirsi hakuwepo. Mimi nikajua hii ndiyo nafasi, zawadi ikufikie siku ya Idd yenyewe! Nikaifunga kwa kitambaa, nikampa.

Hirsi aliporudi nilikuwa nimejitayarisha kama bibi arusi. Nikafungua kasha mbele yake. Akatazama. Akachukua ambulansi, akairudisha. Akachukua gari la maji.

"Amino," akasema taratibu, "umeosha barabara yote ya Marsabit."

Nikaelewa. Nikakaa chini nikalia, naye akaanza kucheka, akacheka mpaka kile kioo chake kikaanguka shingoni, akanishika kichwa akasema vumbi halijaisha duniani, hata kwenye nyusi zangu lipo. Hakuna mwanamume kama huyu. Wengine wangenirudisha kwa mama.

Kisha akauliza lori liko wapi. Nikamwambia limeshapita Nanyuki. Akasema si neno, kaka yako ataelewa kwamba limeoga. Nikasema, "Hata ule mlango uliobanduka nimeupaka." Hapo akaacha kucheka. Kikombe alichokuwa amekishika akakiweka chini.

"Ule haukubanduka, nilikwaruza mimi, kwa sindano, siku mbili. Aabo yenu alipita mbele ya kibanda changu miaka minane. Niliona mkono wake kila mara."

"Mkono ulifanya nini?"

"Kaka yako ataona," akasema.

Shuriye, sijui nimefuta nini. Kama nimefuta kitu chako, nisamehe. Niambie tu kilikuwa nini.

Dada yako mjinga,
Amino


Nakuru
12 Oktoba 1981

Amino,

Salamu zangu kwako, kwa shemeji na kwa Hooyo. Mimi mzima. Hapa kunanyesha. Hizo ndizo habari, sasa niache niseme kabla sijaikunja karatasi hii kama nilivyozikunja zile tatu za kwanza.

Kigari kilifika kabla ya barua yako. Sharamo alikiweka juu ya kaunta mbele ya makanika wote akasema, "Lori la baba yako hili, limekuja bila dereva." Watu wakacheka. Nikahesabu mbao, kumi na moja, na ile ya tatu nyeupe. Nikaona F imeegemea nyuma. Nikatamani mume wako awe hapa nimshike mkono. Kisha nikakigeuza, na mlango wa kushoto ulikuwa mzima. Bluu tupu.

Nilikasirika, abaayo. Sikujua mtu anaweza kukasirikia kitu kidogo kama ukucha. Niliacha watu wakinisubiri, nikaingia nyuma ya stoo, nikachukua msumari nikakwaruza. Nikakosa mahali. Nikakwaruza tena. Sasa kuna alama mbili, moja ni ya uongo. Mwambie shemeji anisamehe kwa kazi yake.

Umeniuliza mara tatu. Alama ile ilikuwa ya pete ya Aabo. Tangu aliponiachia usukani alikaa kushoto, mkono nje ya dirisha, na kila alichotaka alikisema kwa kugonga mlango. Akigonga mara moja, simama. Mbili, twende. Tatu, kuna mzigo wa mtu wa kushusha. Hakupaza sauti juu ya injini hata siku moja. Miaka minane ya pete mahali pamoja, rangi ikaisha, bati likawa linang'aa kama sarafu.

Siku ile tuligombana Archer's Post, kwenye chai. Alisema tulale pale, tuondoke asubuhi, amechoka. Mimi nilikuwa nataka kufika. Nikamwambia, mbele ya Lomuria na wenye hoteli, "Lori ni lako, mzee, lakini usukani ni wangu." Alipanda. Tukaenda bila kusemezana.

Mbele huko akagonga. Mara moja.

Nilisikia, Amino. Watu wote waliambiwa moyo wake ulisimama njiani bila dalili, na mimi nikawaacha waseme hivyo. Lakini aligonga, na nilisikia. Lomuria juu alisikia pia, akagonga bodi kuitikia. Mimi nikajiambia, ataka kunionyesha nani mkubwa, acha naye asubiri kidogo. Nikaendelea. Labda dakika kumi. Kisha tukafika kwenye laga, na mto ule mkavu una mchanga mwingi, lazima upunguze mwendo. Nikageuka kumwambia ashike vizuri. Mkono wake ulikuwa bado nje ya dirisha. Kichwa kilikuwa kimelala.

Nilimrudisha nyumbani, na tangu siku ile sijashika usukani. Hooyo alinipokea mlangoni akauliza swali moja tu, "Alisema nini?" Nikasema, "Hakusema kitu." Ni kweli, hakusema. Siwezi kukaa mbele yake akaniuliza mara ya pili. Ndiyo maana sikuja harusini, na ndiyo maana siji.

Wewe nimekuambia kwa sababu ulifuta. Hooyo usimwambie.

Shuriye


Wabera, Isiolo
6 Novemba 1981

Abboowe,

Umesema nisimwambie. Nimemwambia.

Asalaam aleikum. Utanigombeza, lakini soma mpaka mwisho kwanza. Barua yako niliipokea posta nikaisoma nikitembea, nikapita nyumba yangu bila kuiona, ikabidi nirudi. Kesho yake asubuhi nilikuwa napika mikate ya anjera, naye Hooyo akaingia na maziwa kama kawaida yake.

"Unapika au unachoma matofali?" akasema.

"Moshi tu umeniingia machoni, Hooyo."

"Moshi gani? Jiko limezimika." Akaweka kibuyu chini. "Ni Shuriye. Ni mgonjwa?"

"La."

"Ameoa huko?"

"La, Hooyo."

"Basi nisomee."

Nilitaka kuruka mistari ile. Wallahi nilitaka. Lakini unajua anavyokaa akitaka kusikia, mikono juu ya magoti, na mimi sijawahi kumdanganya Hooyo nikafanikiwa. Nikamsomea yote. Nilipofika pale Aabo alipogonga akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Aligonga mara moja?"

"Mara moja."

Akaibandua anjera iliyokuwa imepoa juu ya chuma. Nilidhani atalia au atakulaani. Hakufanya hata moja. Akasema, "Miaka mitatu mtoto wangu amebeba hili peke yake?" Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, nami nakuandikia kama alivyolisema.

Mwaka mmoja kabla hajafa, Aabo alipokwenda Nairobi "kutafuta tairi", hakutafuta tairi. Alikwenda kwa daktari, Hooyo akiwa naye. Daktari alisema moyo umechoka, asisafiri tena barabara ya kaskazini. Aabo akamwapisha Hooyo asituambie, wewe utaogopa kuendesha naye, na mimi nitaacha shule. Naye akakubali. Asubuhi ile ya mwisho, Hooyo alipokuwa akimfungia nyirinyiri, nyama kavu ya njiani, aliona midomo yake haina damu. Akataka kusema. Lakini wewe ulikuwa umesimama pale uani ukipima maji ya rejeta, na alikuwa ameapa. Akafunga kopo, akampa.

"Nilipomuuliza kaka yako alisema nini," Hooyo akaniambia, "nilikuwa nauliza kama baba yenu alinitaja. Kama alimwambia Shuriye kwamba mimi nilijua. Akasema hakusema kitu, nikashukuru. Siku ya nane akaondoka. Nikajua ameambiwa na mtu. Nikajua hataki kuniona kwa sababu nilimwacha baba yake apande lori. Ndiyo maana niliacha kuuliza atakuja lini."

Shuriye, mlikuwa mnakimbiana. Wewe Nakuru, yeye hapa, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye mwenye haki ya kukasirika.

Sikutaka kukuandikia maneno ya kufariji tu, kwa hivyo nilimuuliza, "Hooyo, kama angesimama?" Hakukuficha wala hakunificha. Akasema, "Angesimama, baba yenu angekufa lori limesimama. Kaka yako angemshika mkono. Hilo amelikosa, na hilo ndilo linalomla. Mimi nimelikosa pia."

Mchana Hirsi aliporudi nilimweleza. Alikaa na kile kioo chake mkononi akikifuta, akikifuta. Yeye ni mtu wa saa, abboowe, anajua dakika kumi ni kitu gani. Akasema tu, "Kwenye ile laga hakuna hospitali. Hata Archer's haikuwa na daktari." Halafu akasema, "Zile alama mbili asizifute. Ziwe hivyo hivyo." Nikambusu palepale mbele ya Hooyo, na Hooyo akaniuliza, "Uliolewa au ulirogwa?"

Nilidhani mwisho wake utakuwa barua. Nilidhani Hooyo ataniambia nikuandikie kwamba amekusamehe, na wewe utaandika, na mimi nitakimbia posta na kurudi. Lakini jana nilikwenda kwake Bulla Pesa nikakuta ameshusha lile begi la Aabo kutoka juu ya kabati. Amekunja nguo mbili. Mbuzi amewakabidhi kwa jirani. Hooyo wetu, ambaye kwa miaka yote hii amefika Nairobi mara moja tu, na hata hiyo kwa siri!

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza, kana kwamba sioni.

"Kwa mwanangu. Yeye hawezi kuja mbele yangu akaulizwa. Basi mimi ndiye nitakayekwenda nikaulizwe."

Nikamwambia ngoja kwanza nimwandikie, apate kujitayarisha, apange chumba, anunue godoro. Akakataa. Akasema, "Asinunue kitu. Asipange kitu. Mwambie awepo."

Basi tunakuja. Hooyo atakaa dirishani, mimi katikati na kapu la nyirinyiri, na Hirsi atatusindikiza mpaka Nanyuki tu kwa sababu ana saa kumi na nne za watu na ameahidi. Nimeshaanza kumlilia kabla sijaachana naye, nawe usinicheke. Ijumaa ijayo gari la Nanyuki halifanyi kazi, kwa hivyo huenda tukaondoka ile inayofuata, au siku mbili baadaye mvua ikiharibu njia. Siku yenyewe siijui. Lakini kabla mwezi huu haujaisha, Shuriye, ukisikia mtu ameingia stoo na hakuulizia kipuri chochote, inua kichwa. Ni mama yako.

Dada yako anayekupenda, na anayekuja,
Amino